Dogo kafukuzwa jeshi la Marekani kwa bangi, kumbe kulikuwa na sajenti anamsumbua. Kuna pa kukata rufaa?

Mzawa_Ughaibuni:
Wakuu habari za wakati huu.

Moja kwa moja kwenye mada. Mdogo wangu aliingia jeshi la nchi kavu la Marekani akiwa na green card, uraia akaupatia humohumo jeshini. Hakufikisha miaka minne wakamtoa. Mkojo ulisoma bangi mara mbili, halafu akatoroka kambini siku kadhaa na kurudi mwenyewe. Karatasi yake imeandikwa OTH, yaani ametolewa kwa hali iliyo chini ya heshima. Alikuwa na haki ya kusikilizwa na bodi kabla hawajamtoa, akasaini kuiachia kwa sababu alitaka tu kuondoka.

Sisi nyumbani tulimsema sana. Mama hakuongea naye muda mrefu. Juzijuzi ndiyo ametufungukia kwamba kulikuwa na sajenti kwenye kikosi cha magari anamshikashika, anamtumia picha za ajabu usiku, na akimkatalia anapangwa zamu za hovyo. Alimwambia mkubwa wake wa platuni akaambiwa aache utoto. Pombe ilianzia hapo, bangi ikafuata.

Sasa hivi anabeba mizigo ghalani, kila kazi nzuri wakiona hiyo karatasi wanamrudishia bahasha. Je, hii kitu inaweza kupitiwa upya au ndiyo basi tena? Nawasilisha.

Nyundo_ya_Chuma:
Pole mkuu, ila bangi alivuta mwenyewe, hakushikiwa mdomo. Jeshi ni jeshi. Wangapi wanasumbuliwa kazini na hawavuti?

Afande_Mstaafu:
Nyundo, ngoja kwanza, hilo swali lako nitalirudia maana lina mantiki kuliko unavyodhani.

Mzawa, nilikaa ofisi ya utumishi ya batalioni miaka mingi, hizi pakiti za kuwatoa vijana nimezipanga kwa mikono yangu. Jibu ni ndiyo, inapitiwa. Tena kufungua ombi ni bure, asije mtu akakudanganya utoe hela ya fomu.

Kuna milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni Bodi ya Kupitia Uachishwaji ya jeshi lake. Fomu ni DD 293, na anayo miaka 15 tangu siku aliyotoka. Bodi hii inaweza kubadilisha daraja la kuachishwa na sababu iliyoandikwa, ila haigusi hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Dogo hakupelekwa mahakamani, alitolewa kwa utaratibu wa utawala, kwa hiyo yuko ndani ya uwezo wao. Mlango wa pili ni Bodi ya Kusahihisha Rekodi za Kijeshi, fomu DD 149. Hii ina nguvu zaidi. Muda wake kisheria ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, lakini wana ruhusa ya kusamehe ucheleweshaji pale haki inapodai hivyo. Kwa aliyetoka hivi karibuni, anza na wa kwanza.

Mwambie akupe DD 214, ile karatasi ya kutolewa jeshini, nakala ndefu. Kuna nakala fupi ambayo haina sehemu ya chini, hiyo haitusaidii. Chini kabisa angalia kisanduku cha 24, daraja. Cha 25, kanuni waliyomtolea. Cha 26, alama ya herufi tatu, nadhani utakuta JKK, yaani dawa za kulevya. Cha 27, alama ya kama anaruhusiwa kurudi jeshini. Cha 28, sababu kwa maneno, na hapo ndipo mwajiri anaposoma "utovu wa nidhamu, dawa za kulevya". Watu huomba daraja peke yake wakasahau cha 28. Unaweza kupandishwa hadi heshima kamili na karatasi ikaendelea kukutangaza mvuta bangi. Omba vyote kwa jina, kisanduku kwa kisanduku.

Mengine nitashusha baadaye, niko kazini.

Mzawa_Ughaibuni:
Afande ubarikiwe. Nimeangalia sasa hivi, ni JKK kweli. Cha 28 ni kama ulivyosema.

Dada_Zawadi:
Nimesoma nikaona nisipite kimya. Mimi nilikuwa jeshi la maji. Nilitolewa kwa matukio ya ulevi, nikapewa daraja la Jumla, ngazi moja chini ya heshima kamili, ambalo linasikika zuri mpaka uende kuomba GI Bill, msaada wa masomo ya chuo, ukaambiwa hiyo ni ya waliotoka kwa heshima kamili tu. Yangu ilipandishwa.

Mzawa, kabla ya makaratasi, dogo anaonana na nani? VA, yaani idara ya maveterani, wana huduma ya watu waliodhalilishwa au kusumbuliwa kingono jeshini, bure, na si lazima uwe uliripoti wakati ule wala uwe na ushahidi. Na tangu 2018 sheria inawaruhusu kutoa huduma ya afya ya akili hata kwa mwenye OTH kama alipitia hayo. Aende Vet Center, vituo vyao vya ushauri nasaha, ikiwa hospitali zao zinamtia kichefuchefu kama mimi, kule ni pa kimya zaidi na mazungumzo hayapelekwi jeshini. Mezani wakimwambia huna sifa, aulize mratibu wa MST, yaani wa huduma hiyo ya waliosumbuliwa kingono, kila hospitali ya VA anaye. Na usiku ukiwa mgumu, apige 988, simu ya msaada, kisha abonyeze 1.

Nasema hivi kwa sababu kuandika maelezo ya bodi kutamrudisha pale pale. Mimi niliandika ukurasa mmoja nikalala wiki.

Nyundo_ya_Chuma:
Sina ubaya na mtu. Nauliza tu: kama mlango ndiyo huo, kila aliyefukuzwa kwa unga si atasema alisumbuliwa?

Afande_Mstaafu:
Ndiyo maana nilisema swali lina mantiki. Wakubwa wa Pentagon nao walijiuliza. Waraka wa kwanza ulitoka 2014 chini ya Waziri wa Ulinzi Hagel, kwa ajili ya maveterani wenye msongo wa kiwewe waliotolewa kwa makosa. Agosti 2017 ukaja waraka wa Kurta, unaitwa kwa jina la aliyeusaini, ndio mhimili wa kesi ya dogo, maana ulitaja wazi unyanyasaji wa kingono na kusumbuliwa kingono. Julai 2018 ukafuata wa Wilkie, kuhusu haki na huruma kwa jumla.

Waraka wa Kurta unaiambia bodi ijiulize maswali manne. Je, huyu alikuwa na hali au alipitia jambo linaloweza kueleza kosa? Lilitokea akiwa jeshini? Je, jambo hilo kweli linaeleza kosa hili? Na je, lina uzito kuliko kosa lenyewe?

Swali la kwanza na la pili mizani imelegezwa sana kwa mwombaji. Maneno yake peke yake, ya mdomo au ya maandishi, yanaweza kutosha kuthibitisha kwamba lilitokea. Hawamdai ripoti ya wakati ule kwa sababu wanajua wengi hawaripoti. Wamekubali pia kwamba dalili zinaweza kuwa ni kuomba kuhamishwa, utendaji kushuka ghafla, au kuanza ulevi.

Watu wanaangukia la tatu. Hapo, Nyundo, ndipo anayedanganya anaponaswa. Waraka umesema mtu kutafuta kilevi ili ajitibu mwenyewe ni jambo la kuzingatiwa, kwa hiyo bangi ya kuvuta chumbani ina kiungo kinachoeleweka na kusumbuliwa. Utoro nao unaeleweka: mtu anamkimbia anayemsumbua. Lakini ukikutwa unauza, au umeiba bunduki, kiungo kinakatika. Makosa ya kupangwa kwa makusudi hayasamehewi kirahisi, na la nne litakumaliza.

Sasa tazama barua nyingi zilivyo. Kurasa tatu za "sikuvuta, kipimo kilikosewa", kisha aya moja mwishoni "pia nilisumbuliwa". Hizo mbili zinapingana! Kama hukuvuta, kusumbuliwa kunaeleza nini? Dogo akubali alivuta, mara zote mbili, kwenye mstari wa kwanza. Halafu kazi yote iliyobaki ni kuonyesha nini kilitangulia. Tarehe ndiyo kesi. Kabla ya sajenti yule alikuwa mwanajeshi wa namna gani, baada yake akawa wa namna gani, mkojo ulichafuka lini.

Chepeo:
Nimekaa paleee nasoma. Afande endelea, huku kuna wengi wamejificha na hizi karatasi.

Mzawa_Ughaibuni:
Afande, tatizo ni hapo kwenye kabla na baada. Hakuripoti kwa maandishi. Hana picha zile, alizifuta kwa aibu. Na ni mwanaume, anasema bora aendelee na ghala kuliko kusimama mbele ya makanali akieleza alishikwashikwa na mwanaume mwenzake. Mama mpaka leo anajua nusu tu ya habari.

Dada_Zawadi:
Mwambie si wa kwanza. Kwenye kikundi changu VA nusu ya viti walikaa wanaume, na wao ndio waliochelewa zaidi kufungua mdomo.

Na hakuna mtu kusimama. Kwanza anaweza kuomba wapitie makaratasi tu. Akitaka kusikilizwa, siku hizi wanafanya kwa video au simu, na anaruhusiwa kuwa na mwakilishi pembeni. Bodi inaposhughulikia madai ya namna hii inashirikisha mtaalamu wa afya ya akili. Kwangu mtaalamu huyo alikuwa mama mmoja, ndiye aliyeuliza swali lililoniokoa. Aliniuliza, "Kabla ya meli ile, ulikuwa unakunywa?" Basi. Nikamwambia nilikuwa nakunywa soda, na barua ya mwenzangu wa chumba ilikuwa imesema hivyo hivyo bila mimi kumfundisha.

Swali kwako Mzawa: kipindi kile alikuwa anaongea na nani nyumbani?

Mzawa_Ughaibuni:
Na mimi na shangazi yetu. Alikuwa anatutumia sauti za WhatsApp.

Dada_Zawadi:
Zipo bado?

Mzawa_Ughaibuni:
Za kwangu nimeshabadilisha simu. Shangazi hafuti kitu, simu yake imejaa mpaka haipigi picha. Ngoja.

Mzawa_Ughaibuni:
Wakuu. Zipo. Kuna moja anamwambia shangazi "huyu sajenti ananifuata mpaka bafuni, naomba niombee nihamishwe". Shangazi alidhani anagombezwa kazini tu. Imetangulia kipimo cha kwanza cha mkojo kwa miezi. Nyingine analia kabisa, huku nyuma unasikia mlango unagongwa. Sijaweza kuimaliza.

Afande_Mstaafu:
Pole sana kaka. Hiyo ni dhahabu, na nakwambia kwa nini. Kitu alichosema leo bodi inaweza kukiamini. Kitu alichosema wakati ule, kwa lugha ya nyumbani, kwa shangazi ambaye hana faida yoyote nacho, ni vigumu kukikataa.

Msiguse hiyo simu. Hamisha faili zikiwa na tarehe zake, piga picha ya skrini inayoonyesha jina na siku. Kila sauti iandikwe neno kwa neno kwa Kiswahili, kisha mfasiri aliyethibitishwa aitie Kiingereza na kusaini kwamba ni tafsiri sahihi. Wewe usifasiri, wewe ni ndugu. Shangazi aandike barua yake mwenyewe: alimjua kijana wa namna gani, akapokea nini, lini, na akaelewa nini wakati ule. Aseme wazi kwamba alidhani ni ugomvi wa kazi. Barua isiyojua kila kitu inaaminika kuliko inayojua vyote.

Faili nzima mmeomba? Fomu SF 180, kituo cha rekodi kiko St. Louis, Missouri. Ombeni pakiti yote ya kumtoa, si DD 214 pekee. Na rekodi za matibabu ya ulevi kama alipelekwa.

Karani_wa_Sheria:
Naongeza kitu ambacho wengi humu mnakisahau, uraia. Aliyepata uraia kupitia utumishi wa kijeshi, sheria ya uhamiaji inasema unaweza kufutwa ikiwa ametolewa chini ya hali isiyo ya heshima kabla hajatimiza jumla ya miaka 5 ya utumishi wa heshima. OTH inaingia humo. Daraja la Jumla haliingii, kwa sababu bado linahesabika kuwa la hali ya heshima. Haufutwi wenyewe tu, serikali lazima ifungue shauri. Lakini ndiyo sababu nyingine ya dogo kutolala. Hata akipandishwa ngazi moja tu, kutoka OTH kwenda Jumla, shingo inatoka kwenye kitanzi hicho.

Na kwa walio bado na green card: hata kama bangi ni halali kwenye jimbo lako, si halali kwa serikali kuu. Msije mkaenda kukiri mambo kwenye fomu za uhamiaji bila wakili.

Nyundo_ya_Chuma:
Hili la uraia sikulijua kabisa. Mkuu Mzawa, nilianza na ukali, nisamehe. Mpambanieni dogo.

Mjeda_Mtoro:
Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi nilitoka zaidi ya miaka 15 iliyopita, bangi pia, OTH. Kwangu mlango umefungwa?

Afande_Mstaafu:
Mlango wa kwanza ndiyo. Nenda wa pili, DD 149, eleza kwa nini umechelewa na omba wasamehe muda. Na usome waraka wa Wilkie, umekubali kabisa kwamba bangi bado ni marufuku jeshini ila sasa ni halali majimbo kadhaa, hivyo inaweza kuonekana kosa jepesi kuliko zamani. Weka na maisha yako ya baada ya jeshi: kazi, watoto, kanisa au msikiti, chochote chenye karatasi.

Mzawa_Ughaibuni:
Naleta mrejesho wakuu. Faili limekuja. Dogo hakutaka kulifungua, nikalisoma mimi.

Nimekuta vitu viwili. Kuna fomu ya ushauri, DA 4856, mkubwa wake anamwandikia kuchelewa kazini. Chini kwenye sehemu ya mwanajeshi kujibu, dogo ameandika kwa mkono kwamba anaomba kubadilishwa sehemu kwa sababu "hajisikii salama" na jina la yule sajenti limo. Mkubwa kasaini chini yake. Haikufuatiliwa popote. Tarehe iko kabla ya mkojo wa kwanza. Dogo mwenyewe alishasahau kuwa aliandika.

Cha pili sikielewi. Kwenye barua ya kamanda ya kupendekeza afukuzwe wameandika kwamba "alikiri kwa mshauri wa tiba kuwa anavuta kila wikendi". Hiyo ni sawa?

Dada_Zawadi:
Nimepata baridi mwili mzima. Waliandikiwa na hawakufanya kitu.

Afande_Mstaafu:
Cha kwanza ndicho kielelezo namba moja, sauti za shangazi namba mbili. Barua ya maelezo ifuate mfuatano huo huo. Kama katika rekodi kuna tathmini ya akili ya kabla ya kumtoa, DA 3822, angalia kama kuna mtu alimuuliza chochote kuhusu huyo sajenti. Mara nyingi utakuta vema imepigwa kwenye "yuko timamu" na ukurasa umeisha.

Cha pili, shika kiti. Jeshi la nchi kavu lina sera ya kuwekea mipaka matumizi ya ushahidi wa aina hiyo, iko kwenye kanuni ya AR 600-85. Kwa ufupi, unayoyasema ukiwa kwenye tiba ya ulevi kuhusu matumizi yako ya nyuma yanalindwa, ili watu wasiogope kutibiwa. Upande wa jeshi ukiyaingiza maneno hayo kama ushahidi kwenye shauri la kumtoa mtu, kanuni inataka daraja liwe la heshima. Si kwamba "wanaweza kufikiria", inataka. Bodi imewahi kupandisha watu kwa hoja hiyo peke yake, maamuzi yao yako wazi mtandaoni majina yakiwa yamefutwa, ukitafuta utaona yalivyoandikwa.

Kwa hiyo dogo ana hoja mbili tofauti na zisichanganywe. Ya kwanza ni ya uhalali: kamanda alivunja kanuni. Ya pili ni ya haki: alisumbuliwa, alisema, hakusikilizwa, akajitibu kwa bangi. Tangulizeni ya uhalali, maana haihitaji huruma ya mtu. Lakini muisimulie ya pili kikamilifu, msiifiche nyuma ya ya kwanza.

Hapa sasa tafuteni mtu wa kuwawakilisha. DAV na American Legion, vyama vya maveterani, wanafanya bure, vyuo vingi vya sheria vina kliniki za maveterani. Ile ya Yale ndiyo iliyolishtaki jeshi la nchi kavu na la maji kwa kukataa kienyeji maombi ya watu wenye kiwewe, na majeshi yote mawili yakakubali kuyapitia upya maelfu ya maamuzi. Hoja ya AR 600-85 wakili mzuri ataichukua kwa furaha.

Mzawa_Ughaibuni:
Nimeelewa. Aombe makaratasi tu au asikilizwe?

Afande_Mstaafu:
Makaratasi kwanza. Wakikataa bado ana nafasi ya kuomba kusikilizwa mbele ya bodi hiyo hiyo akiwa ndani ya miaka 15, kisha Bodi ya Kusahihisha Rekodi. Na kwa kuwa alitoka baada ya 20 Desemba 2019, juu kabisa kuna bodi ya mwisho ya rufaa ya wizara nzima. Akianza na kusikilizwa na wakamkatalia, ameshaunguza hatua moja.

Dada_Zawadi:
Mimi nina mawazo tofauti kidogo na afande. Kesi ya makaratasi ni salama, lakini mimi waliponisikia sauti ndipo waliponielewa. Muulizeni dogo mwenyewe anaweza nini, kesi ni yake.

Mzawa_Ughaibuni:
Nimemuuliza. Amesema makaratasi. Ila amekubali kumwambia mama kabla hatujatuma, kwa sababu barua ya shangazi inamtaja. Jumapili anakuja. Mfasiri tumempata, amemaliza sauti mbili, zimebaki nne. Nitarudi humu bodi ikijibu.